Onyo la Kiunganishi

Kazi yangu ni kutunza programu ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka iharibike. Inaitwa kiunganishi. Waandishi wa programu huandika vipande vipande, huyu milango, yule mota, mwingine taa za vitufe, kisha kiunganishi changu huvikusanya na kuvishona viwe kitu kimoja kinachoweza kuingia kwenye mashine. Nikiwaeleza watu hivyo, wananiuliza kama naweza kuwatengenezea printa.

Ofisi yetu inaandika programu za lifti. Mkuu wa idara tunamwita Bwana Shwari, naye anajua, na nadhani anapenda. Ana imani moja tu, kwamba kazi safi haina maneno. Kompyuta ikimaliza kuunganisha bila kusema kitu, umefanya vizuri. Ikitoa onyo, hata la kipuuzi, mwenye onyo lake anapikia idara nzima chai, anaisambaza meza kwa meza, na kila mezani anaeleza kosa lake. Sheria hii aliileta ili watu waandike kwa uangalifu. Watu wakajifunza kuzima maonyo. Siku hizi tunakunywa maji.

Mimi sikujali. Maji hayana ubaya. Kisha mama yangu akakwama.

Mama anaishi ghorofa ya saba, peke yake, kwa kupenda kwake, na magoti yake yalishagombana na ngazi zamani. Lifti ya jengo lao inatumia programu yetu. Siku hiyo umeme ulikatika akiwa ndani, lifti ikasimama katikati ya ghorofa na ghorofa, naye akakaa gizani na mfuko wake wa vitunguu mpaka umeme uliporudi. Hakupiga kelele. Alipanda hadi kwake, akaweka vitunguu mahali pake, akanipigia simu.

"Lifti yenu imenifungia," alisema.

"Pole mama. Hujaumia?"

"Zamani umeme ukikatika ilikuwa inashuka polepole mpaka ghorofa inayofuata, inafungua mlango, inakusubiri utoke. Siku hizi inakaa tu, kama mtu aliyenuna. Mimi siipandi tena."

Mama ni mtu wa maonyo. Ameshanionya kuhusu gesi, upepo, viatu virefu na wanaume wanaocheka kabla ya kusalimia. Nilidhani hili nalo litapita. Halikupita. Hakushuka tena. Kaka yangu, ambaye nyumba yake haina ngazi, akasema mama ahamie kwake mwisho wa mwezi, atalala sebuleni, pamoja na televisheni ya wifi yangu ambayo haijawahi kuzimwa. Nilitegemea mama atamcheka. Badala yake akasema, "Sawa, mwanangu," kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Sauti ile iliniogopesha kuliko lifti.

Nikamwendea mwandishi wa programu ya lifti, jamaa tunayemwita Hamna Shida kwa sababu ndilo jibu lake la kila swali.

"Kile kipande cha kushusha lifti umeme ukikatika," nikamuuliza, "bado kipo?"

"Kipo. Hamna shida."

Akanionyesha, na kweli kilikuwepo, mstari kwa mstari, kimeandikwa vizuri. Nikarudi kwenye meza yangu, nikafungua programu iliyokamilika, ile inayowekwa kwenye lifti zenyewe, nikakitafuta humo. Hakikuwemo.

Haikunichukua muda kujua kimepoteaje. Kompyuta ya lifti ina nafasi ndogo, kwa hiyo Bwana Shwari aliwahi kuagiza kiunganishi kitupe kila kipande kisichoitwa kufanya kazi na kipande kingine. Aliagiza yeye, nikatekeleza mimi. Sasa kipande cha dharura hakiitwi na mwenzake yeyote. Kinaamshwa na umeme wenyewe, siku unapokatika. Kiunganishi changu, ambacho maisha yake yote kimekaa ofisini, kilikiona hakina mwenyewe, kikakitupa, tena bila kusema neno, kama kilivyofundishwa. Kimya kingi kina mshindo, na mshindo wake ulimwangukia mama na vitunguu vyake.

Nikaenda kwa Bwana Shwari kuomba tutoe toleo jipya kabla ya mwisho wa mwezi.

"Kingekuwa kimetupwa," alisema, bila kuinua macho, "tungeona onyo."

"Hakuna onyo la hivyo, mkuu. Halijawahi kuandikwa."

"Basi hakuna tatizo."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni, nikasema asante, nikatoka, nikaanza kuliandika hilo onyo.

Lenyewe lilikuwa jambo dogo. Kiunganishi kilikuwa tayari kinajua vipande kinavyovitupa. Kilichokosekana ni ruhusa ya kusema. Nikaongeza chaguo jipya, nikaliita *--sema-unachotupa*. Hamna Shida alipendekeza jina la maneno saba. Nikamwambia hamna shida, nikabaki na langu.

Kisha nikamwita Bwana Shwari kwenye meza yangu, nikaunganisha programu ya lifti mbele yake, chaguo likiwa limewashwa. Skrini ikajaa mistari ya njano. Idara nzima ikageuza shingo. Sijui kama mzee wa watu alikuwa amewahi kuona njano nyingi hivyo. Mingi ilikuwa takataka za kweli, majaribio ya zamani, muziki wa kukaribisha abiria ambao mteja aliukataa. Nikashuka nayo taratibu mpaka nikafika.

*Onyo: kimetupwa shusha_umeme_ukikatika. Hakuna anayekiita.*

Bwana Shwari aliusoma mstari ule, akavua miwani, akausoma tena bila miwani, jambo ambalo najua hawezi.

"Hicho nilikiandika mimi," alisema. "Nilipoajiriwa tu. Nilikaa ndani ya lifti mwenyewe, nikawaambia wakate umeme." Akanigeukia. "Hakimo tangu lini?"

"Tangu uliposema tutupe."

Akaenda jikoni, tukasikia birika likijazwa maji. Akarudi na sinia, akapita meza kwa meza kama sheria yake inavyotaka, na kila mezani akasema maneno yaleyale: "Nilitupa kitu cha kuokoa watu, na nilikuwa nimekataza kuambiwa." Sukari ilikuwa imezidi mno. Hakuna aliyemwambia. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi, lakini alipofika kwangu akanipa kikombe kwa mikono miwili, furaha ikanitoka.

"Liwashe kwa wote," alisema. "Mtu asiweze kulizima."

"Na chai?"

"Sheria ya chai nimeifuta."

Toleo jipya likatoka, na kipande chake kikiwemo. Lifti ya jengo la mama ikawekewa. Nikampigia kumwambia, naye akaniambia maboksi ameshayafunga.

"Mama, imepona. Nimehakikisha mwenyewe ofisini."

"Ofisini," alisema. "Basi njoo uingie na mimi, na umeme ukatwe."

Tukaingia. Mlinzi wa jengo alikuwa chini kwenye swichi kuu, akitazama taa za ghorofa. Tukaiacha saba, tukaiacha sita, kisha kukawa giza, na lifti ikasimama.

Nilijua kila mstari wa kinachopaswa kufuata. Nilikuwa nimeupitia mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Humo gizani sikukumbuka hata mmoja. Nilisikia pumzi ya mama tu, na harufu ya sabuni yake, na hakuna kilichosogea.

Kisha kitu kikagonga taratibu juu yetu. Lifti ikaanza kushuka, polepole, ikatulia, na mlango ukafunguka kwenye ghorofa ya tano, dirishani jua likiwaka.

Mama akachungulia nje, akatazama kulia na kushoto, kama mtu anayekagua chumba cha kupanga.

"Niachie mkono," akasema. "Unaniumiza."