Vioo Vipya vya Gari la Ravioli

Nibia alimpigia simu Wilmar Jumatatu asubuhi, kana kwamba hakuna lililowahi kutokea baina yao.

"Shemeji, vioo vimefika. Vile vikubwa. Njoo basi umwekee Denis, maana tangu jana anahangaika navyo, haoni ila mbingu."

Kwa miaka kumi na tisa Wilmar aliliendesha gari lile la mizigo, akisambaza ravioli, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, na tambi mbichi katika mji mzima wa Salto. Kwanza lilikuwa la kaka yake. Kaka alipofariki likawa la mjane wake, Nibia. Lilikuwa gari la mwaka tisini na moja, refu, halina dirisha la nyuma, na vioo vyake vya pembeni havikuzidi kiganja. Cha kulia kilikuwa na ufa, kimeshikiliwa na utepe. Miaka mitatu alimwomba Nibia anunue vikubwa, na miaka mitatu Nibia alijibu, "Mwezi ujao, shemeji."

Mwezi Machi, mvua inanyesha, Wilmar alipiga rivasi mbele ya duka moja karibu na mto. Akamgonga Marisol Techera, fundi cherehani, aliyekuwa anapita nyuma na baiskeli yake. Mguu ulivunjika mahali pawili, na mpaka leo anatembelea magongo. Mahakamani Nibia aliulizwa kama dereva aliwahi kulalamikia vioo. Akajipangusa pua kwa leso, akasema hakumbuki. Wilmar akanyang'anywa leseni.

"Usiende," mkewe, Élida, alimwambia. "Mwache huyo mkwe wake agonge ukuta."

"Hatagonga ukuta, Élida. Atagonga mtu."

Akavaa koti, akaenda kwenye kiwanda cha tambi cha Nibia.

Denis, mume wa binti yake Nibia, alikuwa mtu wa miaka arobaini aliyeacha kuuza magodoro akapewa usukani. Alikuwa amefunga vioo vyenyewe, lakini mkono wa kioo cha kulia aliugeuza juu chini. Wilmar hakumcheka. Alichukua spana, akafungua, akageuza, akakaza nati mpaka mkono ukatulia.

"Haya, kaa kama unavyokaa ukiendesha. Siyo hivyo, bwana! Hapo umekaa kupigwa picha."

Denis akacheka, akalegeza mabega.

"Ubavu wa gari uuone kidogo tu, pembeni kabisa. Barabara ijae kioo. Hiki kidogo cha chini kilichotuna ni cha gurudumu la nyuma na wapita njia. Lakini kinakudanganya, kitu kinaonekana kiko mbali kumbe kimeshafika. Umenisikia?"

"Nimesikia, mzee."

Wilmar akaenda nyuma upande wa kulia, akainua mkono. "Unaniona?"

"Nakuona!"

Akasogea hatua mbili, mpaka pale ambapo Marisol alikuwa siku ile. "Na sasa?"

"Nakuona mzima mzima, mpaka viatu!"

Wilmar hakusogea. Denis akamwita mara mbili, akadhani hakusikia. Wilmar alikuwa ameshika bampa la nyuma kama mtu anayelikagua.

Nibia akatoka kiwandani, aproni imejaa unga. "Umeona sasa? Limekuwa gari."

"Nilikuomba mara ngapi, Nibia?"

"Shemeji, usianze mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndiko ulikosema hukumbuki. Mwambie Denis tu. Sina haja na hakimu."

Nibia akageuka mwekundu mpaka shingoni. "Na wewe mwambie Denis kwa nini hukushuka! Miaka yote ulikuwa unashuka, unachungulia nyuma, ndipo unapiga rivasi. Kaka yako ndivyo alivyokufundisha. Siku ile ulikuwa na nini?"

Denis akainamia spana.

"Mvua," Wilmar akasema.

"Haya. Mvua."

Nibia aliingia ndani, akarudi na boksi la ravioli, akamtia mkononi bila kumtazama, na Wilmar akalipokea. Njiani alijiuliza kwa nini amelipokea. Alichokijua ni kwamba siku ile alikuwa na koti kavu kitini, na kushuka kungemchukua nusu dakika tu.

Élida alimsubiri mlangoni. "Amekiri?"

"Ameniuliza swali."

"Swali gani?"

Élida akaliona boksi, akanyoosha mkono alichukue akalitupe. Wilmar akampita, akabandika sufuria ya maji mwenyewe. Ravioli zilipoiva alizila amesimama jikoni, bila mchuzi, mpaka zikaisha.