Presha ya Kasuku

Mume wangu alikuwa kinyozi, na mtaani walimwita Kasuku kwa sababu mkasi wake ulinyamaza kabla ya mdomo. Mtu aliingia kupunguza ndevu akatoka na habari za mtaa mzima. Ila kwa jambo moja alikuwa bubu, nalo ni mwanetu. Kijana alijifunza kazi kwa baba yake, kisha akahama nyumbani, akafungua saluni yake ng'ambo ya barabara na nusu ya wateja wakamfuata. Tangu hapo walitazamana kupitia vioo, kila mmoja na kichwa cha mtu mkononi, na salamu hakuna. Mimi nilibeba maneno ya huku na huku mpaka nikachoka. Nilichotaka ni baba mtu atoe neno moja la kumsamehe mwanawe kabla ya kupasuliwa moyo.

Vali moja ya moyo wake ilikuwa imekakamaa. Siku moja kabla ya upasuaji, daktari wa usingizi, binti mwenye sauti ya upole, alikuja kitandani kutueleza utafiti wake. Mgonjwa akishalala, alisema, huingizwa mpira kooni ili apumue. Kuna chuma chenye taa, daktari anachungulia kwa macho yake mwenyewe, na kuna chenye kamera, anatazama kwenye skrini pembeni. Chuma kinapoinua ulimi, presha huruka, na kwa moyo mgonjwa hilo si la mchezo. Yeye alitaka kujua ni kipi kinachoirusha kidogo zaidi.

"Nipe cha kamera," Kasuku akasema. "Angalau nami nionekane kwenye televisheni."

"Hatuchagui, mzee wangu. Tunafungua bahasha, hiyo ndiyo inachagua."

"Kumbe ni bahati nasibu!" nikaropoka.

"Njia zote mbili tunazitumia kila siku, mama. Na asipotaka, tutamhudumia vilevile."

Akakubali, akatia sahihi kwa mbwembwe kama mtu aliyeombwa kuwa mgeni rasmi.

Asubuhi yake nikamnong'oneza, "Baba watoto, kijana yuko nje kwenye benchi. Nimwite?"

Akageukia ukutani. "Niacheni nikapasuliwe kwanza."

Wakaja wakamsukuma na kitanda chake. Mimi na mwanangu tukakaa nje, mfuko wa nguo zake katikati yetu, tukasubiri mpaka miguu ikafa ganzi.

Daktari mpasuaji alitoka ameshika kofia mkononi, nikajua kabla hajafungua kinywa. Vali walikuwa wameibadilisha, alisema, lakini walipotaka kumwondoa kwenye mashine ya kusukuma damu, moyo wake ulikataa kushika kazi. Walijaribu, wakajaribu tena. Nililia kwa sauti, sikuona haya. Kijana aliinama akashika viatu vyake kana kwamba anavifunga, na havikuwa na kamba.

Baadaye daktari wa usingizi alikuja, macho mekundu, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, nataka ujue mpira uliingia vizuri. Presha yake haikupanda kabisa. Kati ya wagonjwa wangu wote, hakuna aliyetulia kama yeye."

"Kasuku? Atulie?" nikauliza. "Hakusema chochote?"

Akaangalia chini. "Alianza kusema. Nilikuwa nampima presha ya mwanzo, kabla ya dawa ya usingizi. Mtu akiongea presha hupanda, kipimo kinaharibika. Akasema, 'Daktari, mwambie mama watoto, yule kijana akirudi nyumbani...' Nami nikamwambia, 'Tulia kwanza, mzee wangu, utanimalizia baadaye.' Akatii. Nikapima, nikampa dawa."

Nilitaka kumzaba kofi. Mtu ambaye hakuwahi kunyamaza kwa ajili yangu wala ya mteja, siku hiyo ndiyo amekuja kumtii mtoto wa watu! Kile kipimo chake kizuri kitaingia kwenye utafiti, kitamfaa mgonjwa mwingine, nami simwonei kijicho huyo mgonjwa. Lakini mimi nilitaka lile neno. Kisha nikamwona binti bado amechuchumaa mbele yangu na macho yake mekundu, hasira ikaniishia. Nikamwambia aende akanawe uso.

Kijana alikuwa amesikia yote.

"Mama," akasema, "nikirudi nyumbani, nini?"

Sikujua. Kwa mtu yule, angeweza kusema asikanyage pale, na angeweza kusema apewe kitanda chake cha zamani. Hasira yake na huruma yake zilikuwa zikipishana kila siku. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nikimmalizia maneno yake, naye akinikatiza, "Sivyo, mama watoto, hebu sikiliza."

"Alitaka kusema ukirudi nikufungulie mlango," nikamwambia.

Kijana akaniegemea begani, akaanza kulia. Mimi nikanyamaza, nikimsubiri baba yake anikatize.