Mkungu na Kodiani

"Mama, kwenye wimbo wako mti unapukutika kwanza, ndipo unachipua! Huoni kama umeanzia mwisho?"

"Naona sasa. Si ulisema ni filamu ya majaribio? Nikadhani ndiyo majaribio yenyewe."

Fundi mitambo, aliyekaa nyuma ya projekta akimenya karanga, aliangua kicheko. Binti akamkata jicho. Fundi akarudi kwenye karanga zake.

Walikuwa katika ukumbi mdogo wa chuo, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi, viti vya plastiki vimepangwa vikitazama ukuta mweupe. Nje ya mlango watu walishaanza kujazana, na miongoni mwao walimu waliokuja kuamua kama binti anahitimu au anarudi nyumbani bila cheti. Mama alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, bado na viatu vyake vya wodi ya wazazi, kodiani lake, kinanda cha kuvuta kwa mikono, limemkalia kifuani kama mtoto aliyegoma kushuka.

Mwaka mzima binti aliupiga picha mti wa mkungu ulio nyuma ya nyumba yao, kupitia dirisha la jikoni, kitambo kidogo kila asubuhi. Hakuna mtu ndani ya filamu hiyo, wala neno. Mti tu: unachipua, unajaa kijani, majani yanakuwa mekundu, yanadondoka, matawi yanabaki matupu. Muziki ungepigwa papo hapo ukumbini, na mpigaji ni mama. Kila kipande kilipokuwa tayari, binti alikituma kwenye simu ya mama.

Mama alingoja vyote vifike, ndipo akavitazama kwa mpigo kuanzia juu kwenda chini, kama anavyosoma kila kitu duniani. Hakujua kwamba simu huweka kipya juu. Basi mwaka wake ulikwenda kinyumenyume, matawi matupu mwanzo, machipukizi mwisho. Alishangaa kidogo, lakini hakuuliza. Mambo ya sanaa ukimuuliza binti yule, unapewa jibu la kukuchelewesha kazini.

Ndiyo maana wimbo wake ulianza kwa mwendo mzito, wa kuburuta, ukaishia kwenye ngoma ya kuinua watu vitini.

"Basi ugeuze," binti alisema. "Anza na ngoma."

"Mwanangu, wimbo si shati. Vidole hivi vimeshika njia moja. Nikivikatisha katikati vitapotea, na mimi nitapotea navyo mbele ya walimu wako. Geuza wewe filamu."

"Mwaka haurudi nyuma, Mama!"

"Wa kwangu ulirudi, na sikuona ukilalamika nilipokuwa nafanya mazoezi."

"Nilikuwa chuoni! Ningesikia saa ngapi?" Binti aliketi, akafunika uso kwa mikono. "Naahirisha. Nitawaambia mitambo imeharibika."

"Mitambo ipi?" Fundi alisimama, maganda yakamwagika kutoka mapajani. "Usinipakazie, dada. Mitambo yangu mizima. Tazama!"

Akabonyeza.

Ukuta ukawaka. Tawi likatokea, na kwenye ncha yake chipukizi dogo. Mama alikuwa amezoea kuanza picha inapofunguka. Kabla hajajizuia, vidole vilishaanza. Sauti nzito ikajaa ukumbi.

Mara chipukizi lile halikuwa la kupendeza tu. Lilionekana linasukuma. Lilitetemeka, likatulia kana kwamba limechoka, likasukuma tena. Mama alikuwa amezalisha wanawake wengi mno, hangeweza kuamini kwamba kuanza ni lelemama. Hivi ndivyo kulivyo, alijiambia. Kuna jasho. Akavuta kodiani taratibu zaidi, akamsubiri binti apige kelele.

Binti hakupiga. "Fundi," alisema, sauti imebadilika, "ruka mpaka mwisho. Mama, piga ile ngoma."

"Juu ya matawi makavu? Itakuwa kichekesho."

"Piga tu, Mama yangu."

Akaipiga. Majani mekundu ya mwisho yakaachia, na kwa ngoma ile hayakuanguka, yaliruka, kama watoto wanaovua nguo kandokando ya mto. Mti ukabaki mtupu ukiyumba na upepo, matawi yakirushwa huku na huku bila mzigo wowote. Fundi alikuwa akipiga mguu sakafuni na hana habari.

Kodiani lilipokata pumzi, mama aligeuka. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika. Anacheka.

"Mimi nilitaka walie pale mwisho," alisema. "Mwaka mzima nimeupiga picha mti ule nikidhani unasikitika!"

"Umekaa mwaka mzima dirishani kwangu, sahani zinakungoja kwenye sinki, na hukujua mti una hali gani?"

"Wewe je? Ulijua?"

"Nijue nini? Mimi nimekosea tu, na nusura ukose cheti kwa ajili yangu." Mama alimtazama usoni. "Sema upesi, watu wanangoja. Tunafanyaje?"

Mlango uligongwa kwa nguvu.

"Filamu inakwenda mbele kama nilivyoiunga," binti alisema. "Wimbo unapigwa kama ulivyojifunza. Habadilishi mtu kitu."

"Na wakikataa?"

"Watakataa kazi yangu, si kisingizio changu."

Alikuwa tayari ameufikia mlango. Mama akakaza mkanda wa kodiani begani, fundi akarudisha filamu mwanzo, akazima taa. Binti akavuta komeo.

"Karibuni," alisema. "Tunaanza."