Kipande Kisichopandwa

Mzee Stambuli alikuwa akipanda isale katikati ya maharage yangu, na hakuacha hata nilipomwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba," alijibu bila kugeuka. Shikamoo haikataliwi, hata na mtu kama yeye. Akashindilia udongo kwa kisigino, akajishika kiuno, kisha akaanza kuchimba shimo la pili kwa ncha ya panga.

Nilikuwa nimetoka mjini, Mafiga, alfajiri, nikachukua bodaboda mpaka Mlali, halafu nikapanda kilima kwa miguu kwa sababu mvua zilikuwa zimekula barabara. Tope lilikuwa limenipanda hadi kwenye vifundo vya miguu. Mbele yangu mlima ulikuwa umejifunika ukungu mpaka mabegani, na chini ya ukungu ule mzee mmoja mwembamba, mwenye kofia iliyofifia rangi, alikuwa akinimegea shamba kweupe na bila haraka.

"Mpaka uko kule chini," nikamwambia. "Msimu uliopita ulikuwa kule, na msimu wa kabla yake ulikuwa chini zaidi."

"Mpaka uko hapa ninapoupanda."

Kwetu mashamba hayana uzio. Yanatenganishwa na masale, ile mimea ya majani marefu isiyokufa kwa jua wala kwa kukanyagwa na mbuzi. Mtu mzima akihamisha isale anajua anachokifanya, na anayeona anajua ameonewa. Nilisimama pale, mwalimu mzima ninayenyamazisha darasa la watoto sabini kwa jicho moja, nikamtazama akichimba. Nikageuka, nikashuka kwenda kumtafuta mjomba.

Shamba lile lilikuwa la mama mkubwa wangu, Mwanvita. Sisi Waluguru ardhi hupitia kwa wanawake. Mume atalima, atavuna, atakula na kushiba, lakini mke akifa, shamba hurudi kwa ukoo wa mke. Mama mkubwa hakujaliwa mtoto, na mama yangu alikuwa ametangulia mbele ya haki. Nikabaki mimi, Mosi, mtoto wa mdogo wake. Na Mzee Stambuli, mtu yule wa panga na masale, alikuwa mume wake. Yaani alikuwa baba yangu mkubwa.

Nilipokuwa mdogo nilikuja kwao kila likizo. Nyumba yao ilikuwa upande wa chini, kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe, na shamba walilolima lilikuwa upande wetu. Walifuatana kwenye tuta, yeye mbele na jembe, mama mkubwa nyuma na mbegu, wakibishana tangu kifungua kinywa. Walibishania mvua, walibishania chumvi, walibishania jogoo wa nani aliyewika kwanza. "Mume wangu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini," mama mkubwa alikuwa akiniambia, akicheka mpaka mabega yanamtikisika. "Lakini tangu anioe, kuni zangu hazijawahi kulowa."

Alipokufa tukamzika juu ya shamba, mahali ambapo ukoo wetu huzika. Siku ya arobaini, baada ya dua, Mjomba Salehe alisimama na kanzu yake nyeupe akasema maneno ambayo wakati ule niliyaona ya heshima. "Tunamshukuru shemeji yetu kwa kumtunza dada yetu. Kuanzia leo shamba limerudi kwa wenyewe." Mzee Stambuli aliweka kikombe chini. Chai ilikuwa bado inafuka. Akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo akawa mtu mwingine, au akawa yule yule bila mtu wa kumcheka. Aliziba njia iliyokatiza kwake, nikawa nazunguka bonde zima. Mgomba wangu ulipoinamia upande wake aliukata, ukaanguka na mkungu ambao haujakomaa. Sokoni Mlali aliwaambia watu kwamba mwalimu wa mjini anapanda maharage ili ayaangalie. Na kila msimu masale yalipanda kilima, mstari mmoja, mstari mwingine. Nikaacha kumwita baba mkubwa. Nikamwita Mzee Stambuli, kama wanavyomwita wapita njia.

Baraza la ardhi la kijiji lilikuja Jumamosi. Mwenyekiti alikuwa Bi Josephina, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliyepanda kilima na viatu vya mvua na mwavuli wa kuegemea. Mjomba Salehe alionyesha mpaka wa zamani, akataja waliolima pale tangu enzi za bibi yake, na wazee wawili wakamuunga mkono. Mzee Stambuli alipoulizwa alisema, "Ardhi ni yangu." Alipoulizwa kwa vipi, alirudia vile vile. Alipoulizwa mara ya tatu alimwambia Bi Josephina akaulize huko alikonunua mwavuli. Mpwa wa mzee, Hafidhi, aliyekuja kumsindikiza, alitazama chini muda wote, akichora ardhi kwa kidole cha mguu.

Uamuzi haukuchukua muda. Masale yang'olewe na yarudi yalikokuwa, na baraza lingekuja Jumamosi inayofuata kuhakikisha. Mjomba alinipa mkono kama mtu aliyeshinda mpira. Watu wakaanza kuteremka mmoja mmoja.

Mimi nilibaki nyuma, na ndipo nikaona kitu ambacho hasira ilikuwa imenizuia kukiona. Kile kipande alichokimega, mistari yote ile ya misimu iliyopita, hakikuwa na kitu. Kwetu watu wanakosana kwa upana wa jembe ili wapate pa kuweka mbegu ya kunde, lakini yeye hakuwa amepanda hata shina moja. Alikuwa amekipalilia tu. Udongo ulikuwa safi kama ua lililofagiliwa, na usafi ule ulikwenda juu, ukavuka masale, ukaingia katikati ya maharage yangu kama kijia chembamba, mpaka kwenye mawe ya kaburi la mama mkubwa. Hata pale palikuwa pamefagiliwa. Siku zote nilidhani ni kazi ya watu wa mjomba.

Mzee Stambuli alikuwa bado amesimama. Hakuniangalia mimi. Alikuwa anaangalia juu.

"Mbona hukupanda kitu?" nikamuuliza.

"Nipande nini?"

"Chochote. Umekichukua kipande chote hiki, hujaweka hata mbegu."

Ukungu ulikuwa umeteremka, tukawa tunasikia watu wanaoshuka lakini hatuwaoni.

"Ulikuwa unakwenda kwa mama mkubwa," nikasema.

Alipangusa panga kwenye suruali, upande mmoja, kisha upande wa pili. "Nilikuwa nakwenda polepole," alisema. "Ningefika masika ijayo, au ile nyingine. Akishakuwa ndani ya mpaka wangu, nikifa nani atauliza? Wangenizika kwangu. Na kwangu pangekuwa pale."

"Mbona hukuomba?"

"Nimwombe nani? Mjomba wako alinishukuru." Alilitema neno lile kama mtu aliyetafuna mchanga kwenye wali. "Anayeshukuriwa ni mgeni. Umemaliza kula, asante, nenda. Mimi nimeishi na yule mwanamke tangu sijaota mvi. Akikohoa chumba cha pili nilijua kama ni vumbi au ni homa. Halafu nasimamishwa mbele ya watu, nashukuriwa."

Nikakaa chini pale pale kwenye udongo alioupalilia, na gauni langu la kazi, na yeye baada ya kitambo akachuchumaa, si karibu sana. Hatukulia. Nilimuuliza kama amekula, akasema anakula kila siku, hilo si swali. Nikamwambia, "Baba mkubwa, masale yang'oe kama walivyosema. Lakini mjomba niachie mimi."

"Mjomba wako ni mbishi," akasema.

Mjomba Salehe hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, tukiwa tumekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, kisha akatikisa kichwa.

"Mosi, kaburi ni shahidi. Leo unamzika Stambuli pale, kesho wapwa zake wanakuja. Wanasema mjomba wetu amelala hapa, hapa ni petu. Nimeyaona hayo, mpaka watu wakashikiana mapanga. Mimi nimeachiwa ardhi hii niilinde."

Alichosema kilikuwa kweli, na nilikijua. Nilimwangalia mkewe akipepeta mchele, makapi yakiruka na kutua kwenye mabega yake.

"Mjomba, shamba lile ni la nani?"

"La ukoo."

"Na linapitia kwa nani?"

"Kwenu. Kwa wanawake. Unajua."

"Basi aliyebaki ni mimi, na mimi nimesema ndiyo. Mwingine ni yule aliyelala pale. Mimi siwezi kumuuliza. Lakini wewe ni kaka yake, umekua naye. Ungemuuliza, angekujibu nini?"

Mjomba alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Mwanvita angenitukana," alisema hatimaye, na uso wake ukalegea. "Angeniambia, Salehe, umri wote huo, na akili bado unaisubiri?"

Jumamosi iliyofuata baraza lilirudi. Masale yalikuwa yamekwisha kung'olewa. Hafidhi alisimama mbele ya wote akasema kwa niaba ya ndugu zake kwamba mjomba wao akizikwa pale, wao hawatadai hata kipande cha kuweka mguu, na aliyesikia awe shahidi. Sauti ilimtetemeka kidogo, lakini aliyamaliza. Kisha Mjomba Salehe akakohoa, akamtazama mzee machoni kwa mara ya kwanza tangu ile arobaini.

"Shemeji," akasema, "siku ile nilisema vibaya. Mahali pako ni pale, pembeni mwa mkeo."

Tulitegemea atasema asante, au hata atanyamaza. Mzee Stambuli alipanda mpaka kaburini, akalizunguka, akapima kwa macho.

"Upande wa chini," akasema. "Huu unaoelekea njiani. Kitandani nilikuwa nalala upande wa mlango."

Bi Josephina alifungua mwavuli, ingawa mvua haikuwa inanyesha, akaugeuzia upande wetu tusiuone uso wake.

Sitasema kwamba alibadilika. Masale aliyapanda upya mwenyewe, na aliyapanda ndani ya ardhi yake, mbali na ulipokuwa mpaka wa zamani. Nilipomwambia ameniongezea shamba, alinijibu kwamba mimi ni mtoto nisiyeridhika, nililia mpaka, sasa nimepewa mpaka, bado nalia. Tukabishana asubuhi nzima. Hakuyahamisha. Alisimama kwenye tuta akanikosoa ninavyopalilia, akasema nashika jembe kama mtu anayefukuza kuku, na palizi yangu inaamsha magugu badala ya kuyaua. Ile njia aliyoiziba aliifungua bila kuniambia. Siku moja nilipita tu, nikakuta miiba imeondolewa. Na jioni moja, nikiwa nasubiri mvua ikatike barazani kwake, alinieleza jinsi alivyomwona mama mkubwa kwa mara ya kwanza, akiwa amebeba mtungi, na jinsi walivyobishana kisimani kuhusu nani ametangulia kufika.

"Nani alikuwa ametangulia?" nikamuuliza.

"Yeye," akasema. "Lakini sikumwambia."

Alikufa masika ya mwaka jana, usingizini, kitandani kwake upande wa mlango. Kwetu wanawake hatuendi kaburini wakati wa kuzika. Nilibaki nyumbani kwake na wenzangu, tukipika, nikisikiliza majembe kule juu yakigonga udongo mlaini, yakigonga jiwe, yakigonga tena udongo. Kisha yakanyamaza muda mrefu, mrefu kuliko nilivyotegemea, mpaka wanawake wakaanza kutazamana. Nikasikia sauti za wanaume zikiitikia dua, na baadaye wakaanza kuteremka kimya kimya, kanzu zimelowa miguuni.

Mjomba Salehe alikuja moja kwa moja nilipokuwa na kopo la maji. Alinyosha mikono. Kucha zake zote zilikuwa nyeusi kwa udongo.

"Mwishoni tuliweka majembe kando, tukachimba kwa mikono," akasema. "Wako karibu sana."

Nikammiminia maji taratibu, mpaka mikono yake ikatakata.