Vizimba Viwili vya Wifi Ange

Wakili wangu alikuwa sungura. Msicheke. Nilipomzaa Esteri, mwenye ualbino, mume wangu Tharsisi alizitazama zile nywele nyeupe, akaniuliza nimezaa na mzungu gani wa shirika kati ya wale niliokuwa nikiwauzia maharage kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi. Nilirudi kwetu Kitahana na mtoto mgongoni. Nilitaka kitu kimoja tu: kurudi nyumbani kwangu Heru Juu nikiwa na jina safi.

Dada yake, wifi Ange, anafundisha biolojia sekondari. Katika ukoo ule wote ni yeye peke yake aliyeniamini. "Kaka hataki maneno ya vitabuni," aliniambia kwenye simu. "Acha aone kwa macho."

Akajenga vizimba viwili uani kwa Tharsisi. Katika kila kimoja aliweka jike jeusi la sungura, na yote mawili aliyapandisha kwa dume moja, jeusi pia.

Uzao wa kwanza ulikuwa mweusi mtupu. Tharsisi alicheka mpaka majirani wakasikia, na habari ziliponifikia nililia. Uzao uliofuata, katika kizimba cha kwanza akatoka mmoja mweupe pe, macho mekundu. Kizimba cha pili kiliendelea kutoa weusi tu, uzao baada ya uzao.

Ange akaniita. Nilivaa kitenge kizuri, nikampaka Esteri mafuta ya jua, tukapanda basi la Kasulu kwenda Heru Juu.

"Weusi ndio unaotawala," Ange alimweleza kaka yake pale uani. "Weupe unajificha. Dume anao, jike huyu wa kwanza anao, wala huwezi kujua kwa kuwatazama. Mtoto akiurithi kwa wote wawili, ndipo unaonekana. Mkeo Maximilla hakutoka nje ya ndoa, kaka. Esteri ni damu yako."

 Tharsisi akapiga magoti mbele yangu. "Nisamehe, mama Esteri. Nilikudhalilisha bure." Akambeba mwanawe kwa mara ya kwanza. Jamani, nilifurahi! Nilichungulia jikoni kwangu, nikaona buibui walivyotanda, nikawa nawaza nianzie wapi kufagia.

Yeye akasogea kwenye kizimba cha pili. "Na huku, dume ni lile lile?"

"Lile lile," Ange alijibu akitabasamu.

"Na hawajazaa mweupe hata mmoja?"

"Hata mmoja. Jike huyu hana weupe wa kumpa mtoto, kwa hiyo..."

Hakumaliza. Niliona tabasamu likimtoka usoni.

Tharsisi alinirudishia Esteri taratibu, kwa adabu kabisa. "Nitatangaza mbele ya watu kwamba huna kosa. Na mtoto nitamtunza. Lakini mama Esteri, mimi na wewe ni kizimba cha kwanza. Mimi nataka cha pili."

Ange alianza kubisha, akilia, kwamba watu si sungura. Tharsisi hakumsikiliza tena.

Jumapili alilisafisha jina langu kanisani, watu wakapiga makofi. Jumatatu nilipanda basi la kurudi Kitahana.