Upande wa Kulia wa Farasi

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ilianza kwa manyunyu, kisha ukungu ukatanda hata uzio wa nyuma ukapotea. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni ametuzoeza kuanza kila andiko kwa tarehe na hali ya hewa. Husema mkono ukishaanza kutembea, woga hubaki nyuma. Mimi ni mshonaji wa nguo, nina miaka hamsini na mitatu, na kusoma nimeanza juzijuzi tu.

Mume wangu alikuwa seremala. Alifariki miezi mitatu iliyopita, akaacha randa zake, misumeno, binti mmoja, na farasi jike aliyemlea tangu alipoachishwa kunyonya. Farasi huyo alikuwa akimfuata hata bila kuvutwa. Tangu tumzike, hakumkubali mtu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alijaribu kumvisha kamba ya kichwani, akang'atwa bega. Hapo akakata shauri: Jumapili hii ya kesho mwenye mikokoteni ya mawe ya machimboni angekuja kumchukua, isipokuwa mimi niweze kumvisha kamba na kumtembeza uani kabla ya siku hiyo. Farasi wanaokwenda machimboni hawarudi.

Nilimwomba Mungu mwongozo, kisha nikamwomba mwalimu. Akaniazima kijitabu cha kumfundisha farasi nyumbani. Nilikisoma kwa kidole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kilisema: simama kushoto kwa farasi, usimruhusu akuzunguke. Kwa wiki mbili nilisimama kushoto. Kwa wiki mbili farasi aligeuka akanipa ubavu wake wa pili, nami nikamrudisha nilikotaka. Nilidhani ni ukaidi. Alhamisi alinipiga teke la paja, nikakosa masomo.

Ndiyo maana leo mwalimu alikuja kunijulia hali. Alinikuta uani nachechemea, kamba mkononi, kijitabu kwapani. Shemeji ameegemea mlango wa banda. Binti yangu amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Mwalimu, karibu," shemeji alisema. "Mwanafunzi wako anafundishwa kukimbia. Farasi ndiye mwalimu mkuu hapa."

"Pole, mama," mwalimu aliniambia. "Umekosea wapi?"

"Sijakosea. Nimefuata kila mstari."

"Basi ndiyo hivyo, shemeji," shemeji alisema, sasa kwa upole. "Nimemzika kaka. Sitaki kukuzika na wewe. Huyu binti atabaki na nani?"

Nilichukua brashi ya farasi ukutani, angalau nimsafishe kabla ya safari yake. Ilikuwa brashi ya mti, mume wangu aliichonga mwenyewe, na kwa miaka kidole gumba chake kilikuwa kimechimba kishimo ubavuni mwake. Niliishika kwa mkono wa kulia, kidole changu hakikupata pa kukaa. Nikaihamishia mkono wa kushoto. Kidole kikaingia kwenye kishimo kama kilichopimiwa.

Niliirudisha brashi kulia, kisha kushoto tena.

Mume wangu alizaliwa mashoto. Nilipoolewa naye niliona aibu. Mezani nilimkanyaga mguu anapochukua kijiko kwa kushoto mbele ya wageni. Kanisani nilimshika kiwiko asitoe mkono huo kumsalimu mtu. Hakubishana nami hata siku moja. Alihamisha kijiko, akatabasamu, akamwaga mchuzi kidogo. Nikadhani nimemnyoosha, na nikamshukuru Mungu kwa hilo, Mungu anisamehe.

"Mlijua?" niliuliza. "Huku bandani alitumia mkono gani?"

Shemeji aliinamisha macho. "Utotoni mama alimfunga huo mkono kwa kitambaa. Alibaki mashoto tu, shemeji. Alichoka kusemwa, akawa anautumia huku."

"Baba alikuwa anasimama huku," binti yangu alisema, akaonyesha upande wa kulia wa farasi. "Nilidhani kitabu kinajua zaidi."

Nilikiweka kijitabu juu ya ukingo wa dirisha. Nikapita mbele ya farasi polepole, nikasimama kulia kwake, kamba katika mkono wangu wa kushoto, mkono mzito usiojua kazi. Hakugeuka. Alinusa vidole vyangu kimoja kimoja, akainamisha kichwa, akaniachia nimvishe. Nilihangaika na fundo mara tatu, alingoja. Kisha akainua shingo, akatazama mlangoni juu ya bega langu, masikio yamesimama. Alitazama kwa muda mrefu. Hakuingia mtu.

Tulizunguka uani mara moja, tukasimama mbele yao. Binti yangu alikuwa akilia bila sauti. Mwalimu alikuwa amevua miwani.

"Ametembea, nimeona," shemeji alisema taratibu. "Lakini kila mtu humshika farasi kwa kushoto. Itabidi abadilishwe tu, mapema au baadaye. Utaweza?"

Aliyestahili jibu langu hakuwepo. Niliweka kiganja changu cha kushoto juu ya shingo yenye joto, nikasema kwa sauti, wote watatu wakisikia:

"Haendi machimboni. Kila asubuhi nitasimama upande wake huu mpaka niuzoee mimi. Na mbele yenu, na mbele ya Mungu, naahidi: sitamgeuza."