Taa Iliyogoma Kuamka

Jumamosi mchana, baada ya kushiba ugali kwa mlenda, Elinami Kirenga aliota kwamba taa ya kushoto ya gari la baba yake inamwomba shuka.

Hakushangaa. Aliuliza tu, shuka la rangi gani.

Ila kwanza ieleweke mambo yalivyokuwa Elinami akiwa macho. Gari lenyewe ni la michezo, jekundu, la milango miwili, la enzi zile ambapo taa zilijificha ndani ya boneti na kuchomoza zikiwashwa, mfano wa macho ya chura. Mzee Kirenga alilinunua akiwa kijana, akashindana nalo kwenye kona za mlimani za kupanda Soni, na hadi leo akisimulia mbio zile mikono yake huzungusha usukani usiokuwepo. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Jumatatu alikuwa apelekwe Moshi kupasuliwa, na alikuwa ameomba jambo moja.

"Kabla hawajanigusa macho," alimwambia mwanawe, "nizione kona za Soni nikiwa ndani ya gari langu. Daktari akiteleza, nibaki na kitu cha kukumbuka."

Basi Elinami akaona taa moja haichomozi, akamwita fundi Shekue aitazame. Hapo ilikuwa mwanzoni mwa masika. Shekue si mwizi wala si mvivu. Ugonjwa wake ni mmoja: hawezi kukifunga kitu bila kwanza kufungua na cha jirani yake. "Maadamu tumeshafungua," husema, na kwa neno hilo walitoka kwenye taa wakaingia kwenye waya, wakatoka kwenye waya wakaingia kwenye dashibodi. Jumamosi hiyo alikuwa aje alasiri na mnyororo, washushe injini. Elinami, daktari wa meno pale Korogwe, alikuwa amekubali kila hatua kwa sababu kila moja ilionekana ndogo. Akajinyoosha kwenye kochi kumsubiri, usingizi ukamchukua.

"Rangi yoyote," ikajibu taa. "Nataka kulala. Tangu masika mnanichokonoa."

"Leo huwezi kulala. Mzee anasubiri."

Na kweli, Mzee Kirenga ameshakaa kwenye kiti cha abiria, suti ya kahawia, tai imekaza, mikono juu ya magoti.

"Tumefika Soni?" anauliza.

"Bado, baba. Taa kidogo tu."

Fundi Shekue anatoka chini ya dashibodi amevaa kanzu nyeupe isiyo na doa hata moja. "Maadamu tumeshafungua," anasema, na neno lenyewe linafanya kazi bila spana. Boneti inafunguka. Buti inafunguka. Geti la nyumba linafunguka, vifungo vya shati la Elinami vinafunguka, na ng'ambo ya ukuta sauti ya jirani inauliza nani kafungua friji yake.

"Ni sisi, mama Zulekha," anajibu Elinami. "Tunatengeneza taa."

"Aa. Haya, poleni na kazi," anasema mama Zulekha, na anasikika akianza kuhamisha samaki.

Shekue anaishika nati moja ndogo, ile inayozuia waya wa taa. Nati inakohoa.

"Samahani," inasema. "Mimi niliolewa na bolti hii kabla wewe hujazaliwa. Unatutenganisha kwa idhini ya nani?"

Elinami anasema kwa idhini ya mwenye gari. Nati inasema hiyo haitoshi, ukoo lazima ukae. Hapo hapo uwanja unageuka sebule ya watu wasiojulikana, yenye vitambaa vya kufuma juu ya viti, na nati zote za gari zimekaa mkekani kwa kufuata umri, zile zenye kutu zikiwa mbele. Wanaletewa chai. Ni oili, lakini imetiwa iliki. Elinami anakunywa kwa adabu.

"Mjomba wetu yuko kwenye giaboksi," inasema nati mzee kuliko zote. "Hatuwezi kutoa jibu bila yeye."

"Basi tumfuate mjomba," anasema Shekue kwa furaha. "Maadamu tumeshafungua."

Mzee Kirenga yuko palepale upande wa abiria, ingawa kiti chake kimeshatolewa kupelekwa kwa fundi cherehani. Amekaa juu ya hewa, mgongo umenyooka. "Mbona kama kunaanza kuwa giza?" anauliza.

Elinami anatazama juu. Jua lipo utosini. Anaelewa: kila kinachofunguliwa kinamla mzee mwanga kidogo.

"Fundi," anasema, "harakisha."

"Naharakisha. Nashusha injini."

Shekue anapiga ukuta wa gari kwa kiganja na kupaza sauti: "Shusha!" Injini inasema asante, inachukua begi lake, inashuka kwa kutanguliza mguu wa kushoto. Inajikung'uta vumbi. Ni nene, inahema, na ina heshima zake.

"Shikamoo mzee," inamwambia Mzee Kirenga.

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Nilikuwa sijui kama nashuka, lakini maadamu wamenishusha, nafika Handeni mara moja kumsalimia dada. Nitarudi baada ya mavuno."

"Ulikuwa mgonjwa?" anauliza mzee.

"Mimi? Sijawahi kuumwa."

Elinami anamtazama Shekue. Shekue anatazama kanzu yake. Injini inatoka getini taratibu ikipiga mluzi, na hakuna anayeizuia, maana imeaga vizuri.

Sasa hapana gari. Pana usukani unaoelea na mzee anayeelea kando yake. Lakini Shekue hajamaliza. Ameinama anakagua mahali tairi lilipokuwa limesimama.

"Bosi, unaona hapa? Tairi lilikuwa linagusa barabara. Na barabara nayo imechoka."

"Usiiguse barabara."

"Maadamu tumeshafungua," anasema Shekue.

Barabara inakunjwa kama mkeka kuanzia Korogwe, inapita Mombo na mizani yake na wauza machungwa wakiwa bado wamekaa juu yake, na ghafla wote wako mlimani. Maporomoko ya Soni yananguruma upande mmoja. Shekue ametoa spana kubwa, ameipachika kwenye kona ya kwanza, anazungusha. Kona inalia. Anaitoa nzima, anaipuliza vumbi, anaiweka pembeni. Anahamia ya pili.

"Zote zimepinda," anasema kwa masikitiko ya kweli. "Sijui nani aliwapitishia kazi hii. Nikizinyoosha, utapanda hadi Lushoto ukiwa umelala."

"Elinami," anaita Mzee Kirenga. Sauti yake ni ndogo. "Sioni kona. Zilikuwa hapa."

Hapo Elinami alipandwa na kitu ambacho hakuwahi kukisikia kifuani mwake tangu masika. Alimshika Shekue mkono wenye spana.

"Fundi, mimi mtu akija na jino moja bovu, namng'oa jino moja. Mengine yakiwa mazima nayaacha mdomoni ayatafunie nyama. Funga."

"Lakini taa..."

"Funga!"

Neno lile nalo, kumbe, linafanya kazi lenyewe. Kona zikarudi mahali pake, moja baada ya nyingine, kwa mlio wa vidole vinavyokunjwa. Barabara ikajitandika. Injini ikarudi mbio kutoka Handeni, haijafika hata kwa dada, ikapanda bila kuuliza. Nati zikaacha chai, kila moja ikamkimbilia bolti wake. Friji ya mama Zulekha ikafunga mlango kwa kishindo. Vifungo vya shati vikajifunga, kimoja kwenye tundu lisilo lake, na Elinami akakiacha hivyohivyo.

Taa ya kushoto peke yake haikuinuka. Elinami akavua koti lake, akaifunika.

"Baba, taa moja imelala."

"Mchana wote huu," alisema Mzee Kirenga, "taa ya nini? Kanyaga mafuta."

Wakaondoka. Elinami akalisikia gari likipanda, likishika kona kwa kucha, na mzee akicheka kila linapoegemea, kicheko ambacho mwanawe alikuwa amekisikia utotoni tu. Katikati ya kona za juu alisimama mbuzi mweupe, kainua mguu kuomba lifti. Wakampakia.

"Shikamoo mzee," alisema mbuzi, akijipanga kiti cha nyuma.

"Marahaba."

"Gari zuri. Lina tatizo gani?"

"Taa moja imelala," akasema Elinami.

"Na kingine?"

Elinami akafikiri sana. Akasikiliza injini, akasikiliza magurudumu, akamtazama baba yake aliyekuwa akizungusha usukani usiokuwepo.

"Hakuna kingine," akasema. Na kwa kulitamka hilo akaamka.

Shekue alikuwa ameshafika. Alisimama uwanjani, ovaroli lake la siku zote, mnyororo begani, anatafuta tawi la kuufunga. Elinami alitoka peku.

"Fundi, leo hatushushi injini. Rudisha dashibodi, kaza ulivyovilegeza, basi."

Shekue alifungua mdomo. Elinami alimwona kabisa akilitafuta lile neno, akamwahi.

"Injini imewahi kuumwa?"

 Fundi aliuteremsha mnyororo polepole, akajishika kiuno. "Kusema kweli, bosi, haijawahi. Na mgongo wangu huu, sikulala nikiwaza nitaibebaje." Akacheka, na mabega yake yote mawili yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia.

Dashibodi ilirudi kabla chai haijapoa. Gari liliwaka mara ya kwanza. Taa ya kulia ilichomoza, ya kushoto ikabaki kama ilivyo, na hakuna aliyeisemesha. Mzee Kirenga alikuja akipapasa ukuta wa nyumba, suti ya kahawia, tai imekaza. Elinami alimfungulia mlango, akamshika kiwiko, akamkalisha.

 Mzee aligusa kioo, akagusa mlango, akavuta hewa puani kama anayesoma. Halafu akakunja uso.

"Elinami, nani kapakia mbuzi humu?"

Elinami aligeuka. Juu ya kiti cha nyuma, kwenye ngozi nyeusi aliyoifuta mwenyewe asubuhi, palikuwa na vidonge vya mavi ya mbuzi, bado vinang'aa.

"Tulimpa lifti, baba," alisema. Akavikusanya kwa leso, akavitupa kwenye maua, akaingia upande wake na kutia gia.